Tupeane uzoefu: kutembea kundi msitu wa Ngezi, Pemba, wakati wa kipupwe

Mfunga Msafara (Wete)

Assalaam aleikum wana matembezi. Masika yameshatupa kisogo, upepo wa kusi umeanza, na kwenye kundi letu watu wameshaanza kuulizana tarehe. Kabla hatujagombania nani alete muhogo na nani alete sufuria, nimeona tukae hapa kwanza, kila mtu aeleze lililomkuta yeye mwenyewe msituni. La kusikia kwa jirani tunaliweka pembeni.

Naanza mie. Kazi yangu katika kundi ni moja tu, natembea mwisho. Hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma yangu. Ukiisikia kwa maneno ni kazi ya heshima, lakini ukiifanya utajua kuwa ni kazi ya kusimama juu ya siafu ukimngoja mtu apige picha ya kuvu.

Ngezi ya Julai ni nyengine kabisa. Unatoka Konde juani, unapita mabonde ya mpunga na mikarafuu, halafu miti inafunga juu ya barabara ghafla na ubaridi unakupiga shingoni. Mie kila mara huhisi kama nimeingia msikitini, miguu inataka kuvua viatu yenyewe. Mvua kubwa zimeshapita lakini mabondeni, kwenye miwale, tope bado lipo, na ukungu wa asubuhi unakaa mpaka saa tatu. Jua halikuunguzi. Ndiyo maana sisi hutembea kipupwe. Kaskazi ikivuma, wacha wenye nguvu zao waende.

Sasa kisa changu. Mwaka juzi nilibeba chupa ya chai ya mama, ile ya maua mekundu, imekaa nyumba yetu tangu sijaolewa. Tulipofika chini ya mvule mkubwa, ule wenye mizizi kama kuta, nikakaa nikammiminia chai kijana mmoja aliyekuwa anatetemeka. Mara mbele wakaanza kuita, "Mwisho yuko wapi? Mwisho!" Nikainuka mbio. Nimefika Wete magharibi nafungua kikapu, nimerudi na kile kifuniko kinachogeuka kikombe. Chupa yenyewe iko kwa mvule. Wa kuhakikisha kwamba hakuna kilichobaki nyuma ni mie, na mie ndiye niliyeacha. Mama hakusema kitu. Alikiosha tu kikombe akakitundika.

Haya, leteni.

Mtoto wa Vitongoji

Mie kisa changu ni upupu na sioni haya kukisema.

Niliomba ruhusa nikachepuka kando ya njia, haja ndogo. Kiongozi wa msitu alikuwa ameshatwambia asubuhi msitoke njiani, lakini mtu ukishikwa umeshikwa. Kulikuwa na mtambaazi umening'inia na maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri kweli. Nikausogeza kwa mkono. Kipupwe ndiyo wakati maganda yale yamekauka, likiguswa kidogo tu linatoa vumbi lake.

Dakika moja sikuhisi kitu. Ya pili nilikuwa nacheza ngoma peke yangu. Shingo, mikono, kiunoni kwenye mkanda. Nikataka kumwaga maji ya chupa, bibi mmoja wa kundi akanidaka mkono: "Usikune, usitie maji!" Akachota udongo wa bondeni, akanipaka mzito kama mtu anayekandika ukuta, akaniambia nisimame mpaka ukauke. Ulipokauka akaubandua vipande vipande, na yale manyoya yakatoka nao. Si yote. Nusu ya njia niliitembea kwa kujisugua kwenye miti kama ng'ombe.

Ushauri wangu ni mashati ya mikono mirefu. Na ukishikwa, muombe mwenzio aangalie kwanza pana nini.

Kandambili

@Mtoto wa Vitongoji pole yakhe, lakini nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuuliza.

Langu fupi. Nilinunua raba mpya Darajani kwa ajili ya safari, nyeupe pe. Kwenye miwale soli ya kulia ikabanduka, ikabaki inapiga makofi kila nikipiga hatua. Nikaifunga kwa ukambaa wa mgomba. Mbele yangu anatembea mzee wa miaka sabini na kitu, amevaa viatu vya plastiki vya kushukia shamba, hana hata doa. Tangu siku hiyo nimejipa jina hili.

Mgeni kutoka Njombe

Samahani ndugu zangu, mimi nimehamia Chake kikazi. Kila mtu hapa anaandika "baridi", "ubaridi", "kutetemeka". Baridi gani? Kwetu Njombe mwezi wa sita asubuhi unakuta majani yamekuwa meupe kwa barafu. Hapa nimeona mtu amevaa koti la ngozi na kofia ya sufu, mimi najifuta jasho.

Bi Karafuu

@Mgeni kutoka Njombe karibu Pemba mwanangu. Baridi yetu haitoki mbinguni, inatoka kwenye nguo. Unatembea, unatoka jasho, shati linarowa, halafu unatoka msituni upande wa ufukwe wa Vumawimbi na kusi inakukuta umerowa hivyo hivyo. Hapo ndipo utakapoliazima lile koti la ngozi.

Mgeni kutoka Njombe

Shikamoo Bi. Nimeelewa.

Nyumba ya Makuti (Unguja)

Nyie mnaokaa Pemba mnaanza kuhesabu matembezi Konde. Sisi wa Unguja tunaanza kuhesabu bandarini.

Julai mwaka jana tulikuja watu saba. Kusi ilikuwa imekaa vizuri, yaani imekaa vibaya. Boti ilipotoka kwenye kinga ya Unguja na kuingia bahari wazi, wahudumu wakaanza kugawa mifuko bila kuulizwa. Mie najisifu kuwa mtoto wa pwani. Nikaujaza wangu, nikamuomba jirani wake. Tumeteremka Mkoani, gari mpaka Konde ni kuvuka kisiwa kizima kusini mpaka kaskazini, na vilima vya Pemba havina hata mita mia moja za tambarare, panda shuka, panda shuka. Nikawa bado nimo botini.

Kesho yake asubuhi tumeingia msituni na miti inayumba. Nikamuuliza mwenzangu kama na yeye anaiona inayumba. Akasema ndiyo, ni upepo. Mpaka leo sijui kama alinionea huruma.

Lakini nilipopata nguvu nikaona jambo. Msitu wa Jozani nimeuzoea, kwetu kima punju wanakutazama kama wenye nyumba. Ngezi siku nzima sikuona hata mmoja, na kiongozi akatwambia wachache waliletwa huku kutoka Unguja miaka ya 1970. Nikawaza, kumbe na wao walivuka bahari ile ile. Kama walivuka Julai, nawahurumia.

Bi Karafuu

Kwa vile umetaja bahari, niseme na la msitu. Vijana hudhani Ngezi ilipandwa kando ya mashamba. Ni kinyume chake. Mashamba ndiyo yaliyoukuta msitu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na karafuu ikazidi kuhamia huku, kila mwenye nafasi akakata miti apande. Bibi yangu akisema "tulikuwa tukisikia msitu kutoka jikoni", na kwao ni mbali na Ngezi mwendo wa nusu siku. Leo kilichobaki kikubwa ndiyo hicho, hekta elfu moja na mia nne na kitu, na vipande vyengine kama Msitu Mkuu na Ras Kiuyu. Mkipita mle ndani kwenye vyuma vya kinu cha mbao vilivyoshika kutu, msikimbilie kupiga picha tu. Hesabuni mivule mnayoiona kuanzia hapo mpaka njia kuu. Mie nimehesabu, na mkono mmoja ulinitosha.

Na kisa changu ni cha bundi. Tulibaki jioni kumsikiliza yule bundi mdogo. Mie nimelelewa kwamba bundi akilia juu ya paa, mtu anatafuta sanda. Nilikwenda kwa sababu wajukuu walikwenda. Giza likaingia, sote kimya, kijana wa msitu akanyoosha kidole juu. "Hu." Kimya. "Hu." Moja moja, kama mtu anayeitikia hadithi asiyoisikiliza vizuri. Nikasoma nilichokijua chote. Kijana akaninong'oneza: "Bi, huyu hayuko pengine popote duniani, ni Pemba tu." Nikamwambia basi kama yeye ni wa kwetu peke yetu, na uchuro wake ni wa kwetu peke yetu, nipe tochi twende zetu.

Ila mwaka huu nakwenda tena kumsikiliza.

Dereva wa Konde

Mie sina kisa, nina malalamiko. Mkiandika "kuondoka saa moja kamili", muondoke saa moja kamili. Kila kipupwe nakaa na gari mpaka saa tatu, mara fulani anakaanga bajia, mara fulani amesahau kofia. Halafu mnaniambia nikimbize.

La pili, mgogoro wa pahala pa kula. Kula Vumawimbi wakati wa kusi ni kula mchanga. Jina lenyewe linawaambia! Upepo unatoka upande ule ule. Nendeni Verani, upande wa machweo, maji yametulia kama ya kwenye beseni.

Kandambili

@Dereva wa Konde Vumawimbi ni pazuri bwana. Mchanga kidogo kwenye muhogo hauui mtu.

Dereva wa Konde

Pazuri kwa macho. Meno ni yako.

Mwalimu wa Hesabu

Nimengoja mtu aliseme lile la mwaka jana na naona kila mtu anajifanya hakuwepo. Basi nitalisema mie, kwa sababu mwenye kuhesabu nilikuwa mie.

Tuliingia watu kumi na tisa. Nimewaandika kwenye daftari, jina kwa jina, na nambari ya simu ya nyumbani. Saa kumi na moja jioni, karibu na lile bwawa, nikawapanga mstari nikahesabu. Ishirini.

Nikahesabu kutoka nyuma. Ishirini.

Mnajua mle ndani magharibi huwahi, huku nje bado jua, kule tayari nyuso hazionekani vizuri. Nikanyamaza nikahesabu mara ya tatu kwa kugusa mabega. Bi mmoja akaniona midomo inatetemeka akauliza kuna nini, nikasema hakuna, na nikisema hakuna kila mtu anajua kuna. Mtu wa katikati akaanza Ayatul Kursiyyu kwa sauti. Mwengine, wala simtaji, akaropoka habari za Popobawa, lile jini lililotisha Pemba mwaka 1995, akapigwa kibega na watu watatu kwa pamoja. Hakuna aliyetaka kugeuka kumtazama mwenziwe, kwa sababu ukimtazama na ukamkuta siye, utafanyaje?

Nikatumia akili ya darasani. Nikasema kila mtu ataje jina la aliye mbele yake. Wakaanza kutaja, mmoja mmoja, sauti ndogo ndogo. Wa kumi na nne akafika akasita. "Huyu aliye mbele yangu... simjui."

Tochi zote kumi na tisa zikageuka.

Kijana wa kama miaka kumi na saba, mabuti ya mpira, kamba mkononi, na mdomoni muhogo wetu. Akatutazama, tukamtazama. Akameza. Akasema, "Samahanini. Nilikuwa natafuta ng'ombe. Nikakuona nyie mnatembea mstari mmoja, kimya, na masufuria. Nikadhani mna hitima ya mtu."

Alikuwa na sisi tangu saa nane. Amekula, amenawa, ameona haya kuondoka bila kuomba dua, akawa anangoja dua isomwe. Ng'ombe hakumpata siku ile.

Mtoto wa Vitongoji

Aliyetaja Popobawa ni mie. Bega linaniuma mpaka leo.

Mfunga Msafara (Wete)

Mwalimu, na mie niliyekuwa mwisho nilimuona! Nilidhani ni mpwa wako. Ndiyo maana nikamuongeza kipande cha pili.

Mtafuta Ng'ombe

Shikamooni nyote. Kaka yangu ndiye aliyenionesha haya maneno yenu. Yule wa ishirini ni mie.

Ng'ombe alirudi mwenyewe usiku ule, alikuwa kwenye mpunga wa watu na tulilipa. Muhogo ulikuwa mzuri, ila nazi ilikuwa chache.

Na Bi Mfunga Msafara, ile chupa ya maua mekundu ninayo. Niliikuta kwa mvule kabla hata sijakutana na nyie, nikapita napo mara tatu sikuigusa, mara ya nne nikasoma Bismillahi nikaichukua. Bibi yangu anatilia uji wa pilipili manga, anasema unakaa moto mpaka alasiri. Lakini kifuniko hakipo, anafunika kwa kifuu. Kama mnakuja mwezi huu nitaileta njiani pale mnapoteremkia.

Mfunga Msafara (Wete)

Usiilete mwanangu. Mwachie bibi. Nimemuuliza mama, ameshakitungua kikombe msumarini, yuko anakipangusa. Jumamosi nakuja nacho.