Vita ya Kagera: wanajeshi tumewakumbuka, raia wa ng'ambo ya mto je?

Wakuu kila ikikaribia 25 Julai, Siku ya Mashujaa, naona ubishi uleule, mmoja anadai watu wa vijiji vya mpakani walipwe fidia ya vita ya 78 na Uganda, mwingine anamjibu vita ilikula nchi nzima, sote tulifunga mkanda ile miezi 18 aliyotuomba Mwalimu Nyerere baada ya vita na bado haikutosha, sasa wao wana upekee gani.

Upekee upo, angalieni ramani tu. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani walikaa huko kwao wakachora mpaka wa rula kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini, mto wakauacha huku chini, ndo maana Minziro, Kakunyu, Kassambya mpaka Mutukula ni Tanzania ila ziko ng'ambo ya mto Kagera. Jeshi la Idi Amin wa Uganda lilipoingia mwisho wa Oktoba 1978 askari wetu kule walikuwa wachache wakarudi nyuma ya mto, tarehe 1 Novemba Amin akatangaza eneo lote lile ni la Uganda, tarehe 3 daraja la Kyaka la kuvukia huo mto likalipuliwa. Yaani ile hotuba ya Nyerere ya "uwezo wa kumpiga tunao" ya tarehe 2 ambayo kila mtu anaikariri, wakati inasomwa wale watu walishakuwa mikononi mwa adui, na kesho yake hata njia ya kukimbilia Bukoba ikakatika. Ng'ombe wa ranchi walisombwa, kiwanda cha sukari kikavunjwa na kuporwa, wanawake walibakwa, kuna waliochukuliwa wakapelekwa Uganda. Makadirio yanayotajwa sana ni raia kama 1,500 waliuawa. Kufunga mkanda sio sawa na hiyo jamani, tusichanganye mambo.

Ila na nyie wa fidia nawauliza, nani alipe? Mkisema Uganda, jueni Mutukula ya upande wao vijana wetu waliifyeka kwa matingatinga Januari 79, halafu Masaka ikalipuliwa, tena kwa kisasi, hiyo hatuipendi kuisema. Ukifungua hilo faili nao wana lao, na wanakijiji wa kule hawakumtuma Amin.

Mimi naona pesa isubiri, yaanze majina. Kaboya kule Muleba wanajeshi wetu wamezikwa kwa heshima na viongozi wanaenda kuweka maua, safi kabisa, wanastahili. Raia nao wamebaki kuwa namba, na namba yenyewe ya kukadiria. Hata lile gofu la kanisa pale Kyaka, matundu ya risasi yanaonekana kabisa, watu wanashuka wanapiga picha wanaondoka, nani alikufa hapo jirani hawana habari. Serikali za vijiji zingeandikisha kaya kwa kaya, nani aliuawa, nani alichukuliwa hakurudi, mali gani ilienda. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo kashavuka 65, tukiendelea kubishana fidia fidia hao mashahidi wataisha na hata hiyo fidia ikija hamtajua mumpe nani.

Wenye wazee Missenyi, wilaya ya vijiji hivyo, semeni, kwenu wangekubali kuhojiwa au ni kutonesha kidonda? Na wanaopinga hata majina mje na hoja, sio kejeli.