Huyu daktari wa magugu maji nani kamtuma atuchagulie diwani???

Wakuu habari za muda huu, mimi zangu mbaya. Nimetoka ukumbini sasa hivi hata viatu sijavua, nina hasira mpaka simu inateleza mkononi. Simtaji maana wote mnamjua, yule yule wa redio asubuhi, mwenye sauti kama anasoma hukumu, anayeanzaga kila kitu na "kitaalamu". Kitaalamu bei ya nyanya, kitaalamu Simba na Yanga, kitaalamu ndoa za siku hizi. Leo kitaalamu katuletea mgombea udiwani.

Basi kashika maiki kaongea mpaka betri ikabadilishwa, huyu hana dira, yule ana haiba ya uongozi, sijui hiyo haiba kaipimia kwenye mzani gani, tukavumilia. Yakaja maswali. Kuna mayu mmoja anauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kanyoosha mkono mpaka ukamchoka, mama wa makamo ya kumzaa lakini kaamua kumpa shikamoo kwa heshima ya ile tai, akauliza kwa adabu kabisa, "Shikamoo daktari, huyu unayemsifia amesemaje kuhusu choo cha pale mwaloni, maana tunajibana toka alfajiri?"

Yule bwana akavua miwani. Akaifuta na tai. Akamshusha yule mama kuanzia kilemba mpaka ndala. Akasema, "Mama, mambo ya uongozi tuachie wataalamu, wewe nenda kaanike dagaa."

KAANIKE DAGAA!! Na marahaba hakuitikia! Na wale wa meza za mbele zenye maji ya chupa wakacheka!

PHD yenyewe ya magugu maji jamani. Magugu yameingia ziwani huku miaka ya 1980 mwishoni na mpaka leo yapo yanamwangalia. Mtu kashindwa na majani anataka kutupimia binadamu. Akiongelea magugu nitakaa chini na daftari, naapa, ila diwani wangu?? Miwani, tai, kaanike dagaa. Nalala na hii picha leo.

Kijana wa Mabatini: Uzi bila picha?

Sangara Mnofu: Mleta uzi punguza makasiriko. Kama ulikuwepo mbona hukusimama kumtetea huyo mama, umekuja kutamba huku nyuma ya simu

Mleta uzi: Maiki walizima mkuu! Halafu wewe ungesimama? Kaanike dagaa, mkuu. Mbele za watu.

furu_wa_zamani: Rekebisho kidogo, yale magugu yalipungua sana miaka ya 1990 mwishoni kwa sababu waliachia wadudu wa kuyala. Kwa hiyo kama ni kumpa mtu udiwani tumpe mdudu, ana kazi ya kuonyesha 😂😂

Mzee wa Nyakato: Vijana hili halijaanza Mwanza. Mwaka 1964 huko Marekani jarida moja liliwaandikia madaktari wa akili zaidi ya 12,000 kuwauliza kama Barry Goldwater, aliyekuwa anagombea urais, akili zake zinafaa. Wakajibu 2,417, na 1,189 kati yao wakasema hafai, watu ambao hawajamuweka hata kwenye kiti wakamuuliza kalala saa ngapi. Goldwater uchaguzi alishindwa, ila jarida akalishtaki akashinda. Mwaka 1973 chama chao wenyewe kikaweka sheria, daktari asitangaze akili ya mtu ambaye hajampima. Sasa sisi wa magugu maji tunamwekea sheria gani?

Sangara Mnofu: Kwa hiyo mzee mayu aende mahakamani? Kidhibiti dagaa?

Bintiye Ukerewe: Mzee umenikumbusha Nature, lile jarida la sayansi, mwaka 2020 lilimuunga mkono Joe Biden. Utafiti uliotoka 2023 ukakuta wafuasi wa Trump walioonyeshwa hiyo habari walilipunguzia imani hilo jarida hata kwenye mambo ya korona, ambayo ndiyo kazi yake. Ndo mimi na huyu bwana sasa hivi, akiniambia magugu ni ya kijani nashuka ziwani kuhakikisha.

konda_mstaafu: Mimi namtetea. Mgombea akiahidi kuondoa magugu ziwa zima kwa mwezi mmoja, nani atasema huo uongo kama si yeye? Nyie mnataka asome halafu anyamaze

Mleta uzi: Aseme ni uongo! Nani kamkataza? Mimi naongelea KAANIKE DAGAA, mbona hamuelewi

Mama Wawili Igoma: Kwani choo cha mwaloni kina nini? Njoo stendi ya huku uone, unalipa, unaingia, maji hamna, ukidai hela yako mlinzi anakuuliza "kwani hukujisaidia?"

konda_mstaafu: 😂😂😂 huyo mlinzi namjua

Kijana wa Mabatini: Bora nyie mnalipia mnaingia. Sisi huku bili ya maji inakuja kwa wakati kuliko maji

furu_wa_zamani: Na umeme je. Jana nilikuwa katikati ya kunyoa mteja, upande mmoja tu. Kaondoka na kofia yangu

Mama Wawili Igoma: Alikulipa nusu?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada

Sangara Mnofu: Mada ipi

Bintiye Ukerewe: Samahani nje ya mada, mwenye kujua mapanki Kirumba leo yamesimama shilingi ngapi? Nina wageni wengi na hela kidogo

konda_mstaafu: Njoo inbox

Bintiye Ukerewe: Bei ya mapanki nayo inbox???