Mgonjwa wa SJS (ugonjwa wa Stevens-Johnson, dawa inapochuna ngozi na utando) hawezi kumeza hata mate: mpira wa kulishia uwekwe lini?

Nesi wa Njiro
Habari za kazi wadau. Wodini kwetu Arusha kuna mwanamume wa miaka 34, kilo 60. Alianzishiwa kabamazepini kwa kifafa, siku ya 17 akatoka malengelenge. Ngozi iliyochunika ni kama asilimia 8 ya mwili. Dawa tumesimamisha. Shida kubwa ni kinywa: midomo imeganda damu, mate anayatemea kwenye beseni, na jana vijiko vinne vya maji vilimpalia. Yuko kwenye dripu tu. Tusubiri au tuweke mpira? Na tumlishe nini? Ndugu zake wanaleta mtori.

Ngozi Moshi
Pole na kazi, dada. Msisubiri. Anayeshindwa kumeza mate asipewe kitu mdomoni mpaka apimwe upya. Dripu inampa maji, haimpi chakula, na ngozi inayochunika inapoteza protini muda wote.

Kwanza msikilizeni. Sauti ikikwaruza au pumzi ikiingia kwa mlio, utando wa koo unachunika na njia ya hewa iko hatarini: mwiteni mtu wa usingizi na mpige simu rufaa kabla ya kugusa mpira.

Kama pumzi ni safi, tafuteni mpira wa silikoni, namba 8 au 10. Ule mgumu wa plastiki unakwangua utando uliobaki. Pimeni kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi mwisho wa mfupa wa kifua, muweke alama. Jeli ya maji iwe nyingi, na aingize mwenye mkono mzoefu kuliko wote. Ukikwama usisukume. Vuteni majimaji ya tumbo mpime pH (uchachu wake): 5.5 au chini ndipo mlishe, yasipopatikana, eksirei. Kupuliza hewa na kusikiliza tumbo hakutoshi.

Plasta isiguse uso wake, ikibanduliwa inaondoka na ngozi. Fungeni kwa utepe laini kuzunguka kichwa, chini yake gozi yenye vaselini.

Kinywa: kwa kuwa anapaliwa, asisukutue. Mlazeni ubavu, mumpanguse kwa gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya dripu kila saa 2 au 3. Klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku, ikiwasha izimuliwe nusu kwa nusu. Vaselini midomoni kila saa 2, la sivyo midomo itagandana.

Mtabibu77
Kabla ya mpira, jaribuni lignokeini (dawa ya ganzi) ya kinywa ya asilimia 2. Maumivu yakitulia anameza uji.

Ngozi Moshi
Hapo sikubaliani, mkuu. Koo lenye ganzi halijui uji umeelekea wapi, na huyu ameshapaliwa. Tena utando uliochunika unapitisha dawa hiyo nyingi kwenda kwenye damu. Anayeweza kusukutua na kutema apewe ml 15, ateme, asile kwa saa nzima. Kwa maumivu, mofini kupitia mpira, huku mkihesabu pumzi.

Lishe Kilimanjaro
Mtori hautapita mpira namba 8, nyuzi za ndizi na nyama zitauziba. Utunzeni kwa baadaye.

Kwa sasa lengo ni kilokalori 20 hadi 25 kwa kilo kwa siku, yaani 1,200 hadi 1,500 kwake. Akianza kupona, 25 hadi 30. Maziwa maalumu ya mpira yakiwepo, hayo kwanza. Yasipokuwepo, lita moja ya uji: unga laini wa mahindi g 80, maziwa ml 600, unga wa maziwa g 50, sukari g 50, mafuta vijiko vya chai 4, maji ya kujazia. Unatoa kama kilokalori 1.2 hadi 1.3 kwa ml. Utakuwa mzito, kwa hiyo ukishakuwa vuguvugu korogeni kijiko cha kimea cha ulezi (kilekile cha mbege, Moshi hakikosekani). Subirini dakika 10 ulegee, uchemke tena, mchuje kwa kitambaa.

Anzeni ml 50 kila saa 2, mkipanda taratibu hadi kama ml 100. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, na kibaki hivyo saa nzima baada ya kulishwa. Maji ml 30 kabla na baada. Uji uliokaa saa 4 mezani umwagwe.

Nesi wa Njiro
Asanteni sana, tunaweka leo. Degedege likirudi je? Famasi ina fenobabitoni.

Ngozi Moshi
Hapana, tafadhali! Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini ni za ukoo mmoja, aliyechunwa na moja anaweza kuchunwa na nyingine. Lamotrijini nayo iacheni. Tumieni levetirasetamu, isipopatikana valproeti. Majina ya zile nne za kuepuka yaandikwe kwenye kadi yake kwa wino mwekundu, na ndugu waelezwe.

Mate yakianza kumezeka, mkalisheni wima, maji ml 5 kwa kijiko, mara tatu. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, subirini siku nyingine. Akifaulu, ml 50, kisha huo mtori, uliosagwa laini, vuguvugu, bila pilipili wala ndimu. Mpira utoke akishakula vya kutosha.

Ngozi mpimeni kila siku: ikifika asilimia 10 na kuendelea, mpelekeni rufaa. KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Wiki au miezi baadaye, ugali au nyama ikianza kumkwama kifuani, umio (njia ya chakula) umesinyaa kwa makovu. Huyo anahitaji kipimo cha kamera, si dawa ya vidonda vya tumbo.