Ukoo wa Mabula: mambo ya Mama, Alhamisi

Kabula 12:41
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Naomba msome hii mpaka mwisho. Mama leo asubuhi kaanika dagaa wake uani vizuri tu, kaingia ndani, katoka na beseni tupu akaanza kuanika tena. Anainama, anatandaza, anachambua mchanga, na hakuna dagaa. Nilisimama mlangoni namwangalia nikakosa la kusema. Alhamisi nampeleka hospitali ya Bugando, nataka mtu wa kwenda nae na nataka mchango.

Kabula 13:30
Tiki za bluu naziona jamani

Doto 13:52
Marahaba mwanangu 😂

Kabula 13:53
Doto sio muda wake

Shangazi Limi 14:20
Poleni sana. Lakini mwanangu huo si uzee tu, hata bibi yenu alimalizia hivyohivyo. Kuna mzee mmoja kule Magu anaangalia mambo haya, watu wanatoka mpaka Bariadi kumfuata

Kabula 14:41
Shangazi kwa heshima zote, kusahau ulikoweka funguo huo uzee, ila kuanika beseni tupu ni ugonjwa wa ubongo. Upo unaoitwa Alzheimer, ni jina la daktari wa Ujerumani, 1906 alimwelezea mama mmoja aliyekuwa mgonjwa wake, alipofariki wakaangalia ubongo wake kwa hadubini wakakuta mabonge ya uchafu na nyuzi zimejisokota ndani ya seli. Ugonjwa huo unaonekana kwa macho, haujatupwa na jirani kwa uchawi. Na dimenshia, yaani magonjwa ya ubongo ya kupoteza kumbukumbu kama hilo, iko nyingi, WHO wanasema watu zaidi ya milioni 55 duniani, wengi wao wako nchi kama zetu sio Ulaya. Kilimanjaro pale Hai waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea wakakuta kama 6 katika kila 100, kwahiyo msiniambie ni ya wazungu

Shija Geita 15:07
_Umetumiwa mara nyingi_
KIJIKO KIMOJA ASUBUHI NA JIONI, KUMBUKUMBU INARUDI SIKU 7!! Tuma kwa uwapendao

Kabula 15:08
Shija futa

Shija Geita 15:15
Mi nasaidia. Si nasikia Marekani dawa imepatikana, tuchange tuagize

Kabula 15:26
Unayosikia ni lecanemab, waliipitisha 2023. Haiponyeshi. Kwenye utafiti wa miezi 18 ilipunguza kasi ya kuporomoka kama 27 kwa 100, tena kwa walio hatua za mwanzo, na lazima mtu apigwe picha za ubongo za MRI mara kwa mara maana ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Sio kitu cha kuagiza kwa basi. Mimi nataka tuanze na yaliyo karibu yetu, apimwe damu, vitamini B12, tezi ya shingo, maambukizi ya mkojo, hata huzuni, maana yote hayo yanaweza kumfanya mzee aonekane amepotea na yanatibika. Halafu presha, vidonge aliacha tangu pasaka na hakuna aliyeuliza. Halafu masikio, redio anafungulia mpaka mtaa wa pili. Jarida la madaktari la Lancet 2024 walitaja mambo 14 yanayochangia dimenshia, kutosikia na presha vimo, na kukaa mpweke kumo, wakasema karibu 45 katika kila wagonjwa 100 wangeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Mpweke jamani. Nani kampigia simu Mama wiki hii?

Kabula 16:10
Kimya

Masanja Dar 17:48
Nilikuwa kazini. Hivi wanapimaje, mama hajui kusoma

Kabula 17:55
Swali zuri. Hukohuko Hai walitengeneza kipimo kisichohitaji kalamu, wanampangia mzee njiti za kiberiti nae anaigiza umbo, wanampa maneno anayakumbuka baadae, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja

Doto 17:57
Wanyama? Hapo Mama amepita, atataja ng'ombe wote wa Kisesa kwa majina 😂😂

Shija Geita 18:01
Wale ng'ombe bora umewataja wewe. Mnanidai mchango na mimi nadai jibu langu

Masanja Dar 18:04
Shija hayo tulishafunga

Shija Geita 18:05
Mlifunga nyie. Mimi nilikuwa mgodini

Kulwa 18:09
_Ujumbe huu umefutwa_

Kabula 18:10
Nawaomba. Mama. Alhamisi.

Shija Geita 18:12
Kila siku mama mama, siku ya ng'ombe hakuna aliyesema mama

Baba Mkubwa Maganga 20:12
Nimesoma yote. Ya Kisesa tutayasema kwenye kikao nikiwa hai sio kwenye simu. Ng'washi mama yenu mdogo alianza hivihivi anatoka usiku anagonga milango ya watu anaulizia mume aliyezikwa zamani. Macho mekundu na nani hapa Usukumani amepikia kuni maisha yake yote macho yakabaki meupe. Wakaenda kwa mganga mganga akataja jina. Wakubwa mnajua kilichofuata. Mke wa mdogo wangu haendi Magu. Anaenda hospitali na majirani waambiwe ni mgonjwa

Masanja Dar 20:31
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia

Doto 20:33
Shikamoo baba

Shangazi Limi 20:50
Nimekuelewa kaka. Nitaenda nae mimi. Ila Alhamisi nina msiba Usagara, labda Ijumaa

Kabula 20:52
Asante Shangazi. Ijumaa sina ruhusa kazini, asubuhi nitauliza. Doto wewe nyumba ya tatu kutoka kwao, kesho pita kwa mama Neema na kwa mzee wa duka uwaambie, wakimwona barabarani wamrudishe taratibu wasimpigie kelele. Na ukae nae kidogo umpe dagaa wa kweli achambue

Doto 20:58
Sawa dada. Hilo nafanya

Kulwa 22:37
Bando liliisha. Nimetuma elfu ishirini

Kabula 22:39
Haijaingia

Kulwa 22:40
Laini ya zamani ile ya voda

Kabula 22:41
Hiyo iko kwenye simu ya Mama. Shija na wewe sijakusikia. Shangazi naomba jibu, Alhamisi au Ijumaa?