Naomba ushauri: gemu la Mario la kompyuta ya Kijapani, nimnunulie kaka yangu au niache?

BintiChumbageni
Habari zenu wakuu. Kuna jambo nimeligeuza kichwani karibu wiki mbili, naombeni mawazo yenu.

Nipo Osaka kikazi, mwaka wa tatu huu. Kaka yangu mkubwa yuko Tanga. Alizaliwa 1985, na ndiye aliyenifundisha Super Mario Bros. kwenye ile mashine ya kuunga na TV, katriji moja magemu chungu nzima na nusu yake yanajirudia. Yeye anashika pedi, mimi nimekaa pembeni napiga kelele "ruka, ruka!" Mabomba yote ya siri aliyajua. Desemba narudi likizo, nataka nimpelekee kitu kitakachomrudisha kwenye zile jioni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Nipponbashi, kule kwenye maduka ya vifaa vya umeme na magemu ya zamani. Ndani ya kabati la kioo nikaona boksi la Super Mario Bros. Special, limetengenezwa na Hudson Soft kwa ajili ya kompyuta ya NEC PC-8801. Ndani yake kuna flopi ile kubwa ya inchi 5.25. Bei ni kama mshahara wangu wa wiki mbili, kwa hiyo nikaliacha.

Nyumbani nikatafuta video. Skrini haimfuati Mario! Anafika ukingo wa kulia, picha inakatika, inachorwa nyingine. Rangi nazo ni za ajabu. Mtanzania mwenzangu huku akaniambia hilo ni feki, nisitupe hela. Je, ni kweli feki? Mbona liko vile? Na kaka atalichezaje akiwa Tanga? Sipendi nimpe kitu kikae kabatini.

Mkwakwani77
Dada achana nalo. Mario ni wa Nintendo, na Mario wa kweli anachezwa kwenye mashine ya Nintendo. Hizo nyingine ni za wajanja wa mjini.

MzeeWaZ80
Mkwakwani77, hapo sikubaliani nawe, na dada asije akaamua kwa kosa hili. Gemu hilo ni halali. Lilitoka 1986 kwa kibali cha Nintendo, kwa kompyuta mbili: NEC PC-8801 na Sharp X1. Hudson walikuwa kampuni ya Sapporo, na hawakuwa wageni kwa Nintendo. Ndio kampuni ya kwanza ya nje kutoa magemu ya Famicom, ile mashine ya magemu ya Nintendo, mwaka 1984, yaani Nuts & Milk na Lode Runner. Family BASIC, ile katriji yenye kibodi ya kuandikia programu kwenye Famicom, wameshiriki kuitengeneza. Na mwaka huo huo wa 1984 walikuwa wameshatoa Mario Bros. Special na Punch Ball Mario Bros. kwa kompyuta. Mwaka 2012 walimezwa na Konami, ndiyo maana vijana wengi hawalijui jina lao.

Sasa hilo la skrini. Hapa naomba mnivumilie, maana watu wanalitukana gemu hili bila kujua Hudson walikuwa wanapambana na nini.

Famicom ina chipu ya pekee ya picha. Skrini yake imegawanywa vigae vidogo, 32 kwenda na 30 kushuka, jumla 960. Programu haichori picha, inataja tu namba ya kigae kinachokaa kila mahali. Mario na kobe wanakaa kwenye tabaka lao wenyewe juu ya vigae. Ukitaka dunia isogee, unaiambia chipu "anza kuonyesha kuanzia hapa", basi. Unachoongeza ni safu mpya ya vigae upande wa kulia.

PC-8801 ilitengenezwa kwa ajili ya kazi za ofisini na maandishi ya Kijapani. Picha yake ni nukta 640 kwa 200, imehifadhiwa kwenye mabamba matatu ya rangi, na kila bamba ni baiti 16,000. Jumla baiti 48,000. Hakuna chipu ya kuisogeza wala tabaka la wahusika. Prosesa ya aina ya Z80, yaani ubongo wa kompyuta, mwendo wa megahezi 4, inafanya kila kitu kwa mkono. Kusogeza baiti 48,000 mara 60 kwa sekunde haiwezi kabisa. Kwa hiyo Hudson wakaamua Mario atembee, dunia ikae. Akifika ukingoni, chora ukurasa mwingine. Kwa mashine ile huo ni uamuzi wa mafundi, na mimi nauheshimu.

Hata kompyuta za IBM zilikuwa na shida hiyo hiyo. Mwaka 1990 vijana ambao baadaye walianzisha kampuni ya magemu ya id Software walipata mbinu ya kuchora tu sehemu zilizobadilika, wakaijaribu kwa kunakili Super Mario Bros. 3. Nintendo wakakataa, wao wakaitumia mbinu hiyo kwenye gemu lao la Commander Keen. Hiyo ni miaka minne baada ya Hudson.

Mkwakwani77
Mzee, nimekuelewa na nimejifunza. Nafuta neno langu, dada.

NyotaYaKilwa
Mimi nimelicheza mpaka mwisho kwenye emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta ya zamani, kwa hiyo niseme upande wa mchezaji.

Ni gumu, dada, na ugumu wake ni wa aina yake. Steji zimepangwa upya, siyo zile kaka yako anazozijua. Unaweza kuruka ukingoni na kutua kwenye skrini ambayo hujaiona, kumbe chini ni shimo. Kurudi skrini ya nyuma hakuna. Saa nayo inakimbia kuliko ile ya Famicom. Mimi niliacha kukimbia. Nafika karibu na ukingo, nasimama, nahesabu, ndipo navuka. Ukishakufa mara mbili tatu mahali pamoja unakuwa umepakariri, na hapo ndipo utamu unapoanza.

Lakini kuna vitu hutavikuta kwenye Mario mwingine wa wakati ule. Mapipa na mioto ya Donkey Kong imo. Kaa na nzi wa Mario Bros. ya zamani wamo. Kuna nyundo ya kupondea maadui, kuna saa ya kukuongezea muda, na kuna bawa linalomfanya Mario aogelee hewani kama yuko majini. Yumo pia Hachisuke, nyuki wa Hudson, ukimpata unapewa pointi 8,000. Kwa Kijapani "hachi" ni nyuki na pia ni nane. Wewe uko huko, utamweleza kaka vizuri kuliko mimi.

Onyo moja: kwenye emuleta, weka mwendo wa prosesa megahezi 4. Modeli za baadaye za PC-8801 zilikuwa na 8, na ukiiacha hapo gemu linakimbia mpaka halichezeki. Niliteseka siku tatu kabla sijagundua.

FlopiNaUkungu
Kuhusu flopi yenyewe. Kitu hicho kina karibu miaka 40, na Japani wakati wa kiangazi ni unyevu mtupu. Adui mkubwa ni ukungu. Mwombe muuzaji akufungulie bahasha. Flopi ya inchi 5.25 ina dirisha refu ambalo sumaku inaonekana. Zungusha taratibu kwa kushika duara la katikati, huku umeielekeza kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe au kama utando, usikubali ajaribu kuisoma. Ukungu unachafua kichwa cha drayvu, na kichwa kichafu kinaikwangua flopi yako na ya mwenzako atakayefuata. Ikiwa safi, sema wakuwashie mbele yako, maduka mengine wana mashine ya kujaribia.

Halafu usimpe kaka flopi aichezee. Tafuta mtu mwenye drayvu na kifaa cha Greaseweazle, kinachounganishwa kwa USB. Atakutolea nakala ya faili la D88, ambalo emuleta kama QUASI88 au M88 inalisoma. Flopi yenyewe iwe ya kuwekwa kwenye fremu. Safarini iweke mbali na spika na sumaku yoyote.

Baba_Rehema
Mimi nina wazo tofauti. Mnunulie Famicom halisi na katriji ya Super Mario Bros. ya 1985. Hicho ndicho alichokicheza utotoni. Hili la Hudson halimkumbushi kitu, hajawahi kuliona.

MzeeWaZ80
Baba_Rehema, wazo ni zuri ila kuna mtego. Famicom ya 1983 inatoa picha kwa mawimbi ya TV, chaneli 1 na 2 za Japani, mfumo wa TV unaoitwa NTSC. TV nyingi za nyumbani haziipati. Akienda njia hiyo atafute AV Famicom ya 1993, ina waya wa kawaida wa video. Na umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Akichomeka adapta ile Tanga bila transfoma ya kushushia, itaungua hapo hapo. Ndiyo maana pia sishauri abebe PC-8801 nzima.

BintiChumbageni
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili.

Alichosema Baba_Rehema ndicho kilichokuwa kinanikwamisha. Kwa hiyo jana usiku nilimpigia kaka kwa video, nikaelekeza simu kwenye laptopu, nikamwonyesha mtu akicheza. Sikumwambia ni nini wala kwa nini. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hii siyo steji ya kwanza. Rudisha nyuma." Nikarudisha. Yalipotokea mapipa akaniuliza, "Hilo pipa limetoka wapi? Mario hana mapipa." Tulikaa hapo saa nzima na dakika kadhaa, ananiambia nisimamishe video kila skrini inapobadilika ili akisie kinachokuja upande wa pili. Mara nyingi alikosea, na kila akikosea anataka tena. Usiku ule mimi ndiye niliyeona njia kabla yake, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Jumamosi narudi dukani na maswali ya FlopiNaUkungu. Ikiwa safi naichukua. FlopiNaUkungu, kama unamfahamu mtu wa Greaseweazle maeneo ya Osaka au Kyoto, niandikie inboksi. NyotaYaKilwa, ile megahezi 4 nimeiandika kwenye karatasi, nitaibandika juu ya laptopu ya kaka.