Vyambo vya eksomu ya binadamu kwa nyani: vinafaa?

Fundi_Jeni: Wadau, maabara ina seti ya kunasa eksomu ya binadamu (sehemu za jenomu zinazounda protini) kwa vyambo, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyoshikana na sehemu hizo, na sampuli zilizopo ni damu ya nyani wa njano (Papio cynocephalus). Je, vyambo hivyo vitanasa vya kutosha kuonyesha tofauti kati ya nyani mmoja na mwingine? Data ilinganishwe na jenomu ipi?

Kima_wa_Pwani: Vitanasa, mkuu. Jenomu yetu na ya nyani zinatofautiana kwa takriban asilimia 6 hadi 7, lakini sehemu zinazounda protini hubadilika polepole zaidi, na chambo cha herufi 120 huvumilia herufi kadhaa zisizolingana. Utakazopoteza ni jeni zinazobadilika haraka, hasa za kinga. MHC (kundi kubwa la jeni za kinga) usiiguse kabisa kwa njia hii: nakala zake ni nyingi, vipande vyake vilivyosomwa hurundikana mahali pamoja, nawe utaona heterozigoti (mahali ambapo nakala mbili za mnyama hutofautiana) zisizokuwepo.

Linganisha na Panubis1.0, jenomu ya Papio anubis. Ukitumia ya binadamu, vipande vyenye tofauti nyingi havitapata mahali pa kukaa, na tofauti za spishi zitajaa kwenye orodha yako. Faili ya maeneo lengwa ihamishe kwa liftOver (programu ya kuhamisha mahali kutoka jenomu moja hadi nyingine), ila minMatch yake ya kawaida (kiwango cha chini cha herufi zinazopaswa kuhamishika), 0.95, ni kali mno kati ya spishi. Ishushe.

Chipu za SNP (tofauti za herufi moja) za binadamu achana nazo. Nafasi zake zilichaguliwa kwa kuwa watu hutofautiana hapo. Nyani karibu wote watafanana.

Zamu_ya_Usiku: Hatari kubwa hamjaitaja: uchafuzi. Vinasaba vya mtu aliyeshika mirija vitanaswa vizuri kuliko vya nyani, hivyo uchafu mdogo hukua. Weka sampuli tupu tangu hatua ya kutoa vinasaba. Kisha linganisha kila kipande na jenomu zote mbili kwa pamoja, utupe kile kinachomfaa zaidi binadamu.

Fundi_Jeni: Asanteni. Na kinyesi? Na uchujaji wa tofauti zilizopatikana je?

Kima_wa_Pwani: Kwenye kinyesi, vinasaba vya nyani mwenyewe mara nyingi havifiki asilimia 5; vingi ni vya bakteria. Anza na protini ya MBD, inayoshika CpG (herufi C ikifuatiwa na G) zenye alama ya kikemikali ya methili. Mamalia wanazo tele, bakteria ni haba.

VQSR, kichujio cha GATK (programu ya kutafuta tofauti za vinasaba), inadai orodha ya tofauti zilizothibitishwa, nawe huna. Tumia vizingiti: tupa QD (ubora wa tofauti kwa kina cha usomaji) chini ya 2, FS (upendeleo wa uzi mmoja wa DNA) juu ya 60, MQ (ubora wa ulinganishaji wa vipande) chini ya 40. Halafu kagua uwiano wa aleli (matoleo mawili ya mahali pamoja) kwenye heterozigoti, kwa sababu aleli inayofanana na ya binadamu hunaswa zaidi. Penye kina kidogo cha usomaji, ile nyingine hupotea na heterozigoti husomeka kama homozigoti, yaani kana kwamba nakala zote mbili zinafanana.