Gumzo la ukoo: Dozi ya siku saba

Mjomba Salehe, 19:42
Assalaam aleikum wanangu. Kuna mzee Handeni ana dawa ya mizizi, inatia nguvu za kiume na kurutubisha mbegu za mwanamume. Dozi siku saba, elfu themanini. Nimeagiza moja ya Omari, naye apate mtoto.

Shangazi Asha, 19:45
Salehe jamani, haya unayamwaga kikundini?

Omari, 19:51
Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Yaacheni, hapa ni sisi kwa sisi. Nimeshatumia mkuyati, mlonge, habasoda na asali. Bado.

Dada Rehema (maabara), 19:53
Omari, umeshapima mbegu?

Omari, 19:54
Hapana. Chumbani niko sawa kabisa, sikuona sababu

Dada Rehema, 19:58
Wakubwa mnisamehe, nitasema wazi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nguvu ni kitu kimoja, mbegu kitu kingine. Napokea sampuli za wanaume wazima wenye nguvu zao, na kwenye darubini sioni hata mbegu moja.

Shangazi Asha, 20:00
Ina maana mkamwana wetu amepimwa mirija, amepigwa picha, amefukizwa, na mwanamume hajapimwa?

Dada Rehema, 20:02
Ndivyo nyumba nyingi zinavyokwenda shangazi, na inaniuma. Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, mume naye ana tatizo, peke yake au pamoja na mkewe.

Mjomba Salehe, 20:05
Rehema, mitishamba ndiyo iliyotulea. Usiitupe.

Dada Rehema, 20:11
Siitupi mjomba. Habasoda imepimwa Iran, utafiti ulitoka 2014: wanaume 68, nusu walipewa mafuta yake kwa miezi miwili, mbegu zikaongezeka. Nimeufurahia. Ila ni watu wachache. Madini ya zinki na vitamini ya foliki nazo zilisifiwa hivyo hivyo, Marekani wakazijaribu kwa wanandoa 2,370, na 2020 wakatoa jibu: mbegu hazikuwa bora zaidi, watoto hawakuongezeka.
Na hiyo dozi ya siku saba inanitia shaka. Mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa. Anayeona mabadiliko wiki ya kwanza ameona nguvu tu, na unga wa namna hiyo umekutwa mara nyingi umetiwa sildenafili, ile dawa ya Viagra, kwa siri. Ikikutana na vidonge vya naitreti vya moyo, presha huporomoka, mtu anaweza kufa. Mjomba, kwa moyo wako huo, tafadhali hata usionje.

Mjomba Salehe, 20:14
Hilo mzee hakuniambia.

Dada Rehema, 20:16
Omari, muarobaini unakunywa?

Omari, 20:16
Kila wiki, nasafisha damu

Dada Rehema, 20:18
Uache. Kwa panya wa maabara umepunguza mbegu. Mti kuwa dawa ya jambo moja haina maana hauharibu jingine.

Juma, 20:20
da Rehema na zile sindano za gym?

Dada Rehema, 20:23
Za testosteroni, homoni ya kiume? Ubongo ukiona homoni inaingia kutoka nje, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Mbegu zinaweza kuisha kabisa. Ukiacha kwa kawaida hurudi, lakini ni miezi. Kama unachoma, nifuate inbox leo.

Omari, 20:25
Dada, nikiwa kidato cha pili niliugua matubwitubwi, korodani moja ikavimba vibaya. Inahusu?

Dada Rehema, 20:29
Inahusu sana. Hilo ndilo la kwanza kumwambia daktari. Akushike pia aone kama mishipa ya korodani imevimba, maana hiyo hufanyiwa upasuaji. Kuna na mirija ya mbegu iliyoziba kwa kisonono cha zamani, hiyo hakuna mzizi unaoizibua. Ndiyo maana nasema tupime kwanza, tujue tunatibu nini.

Omari, 20:31
Naanzia wapi?

Dada Rehema, 20:34
Kaa siku mbili hadi saba bila tendo wala kutoa mbegu. Sampuli uitolee palepale hospitali, au ikitoka nyumbani ifike ndani ya saa moja, isipoe. Jibu likiwa baya tunarudia, kipimo kimoja hakitoshi. Na dawa zote ulizotumia ziandike, daktari azione.

Mjomba Salehe, 20:37
Basi ile dozi nairudisha. Nauli ya hospitali juu yangu.

Omari, 20:38
Ahsante mjomba. Shangazi, nina ombi moja. Mwambie mama amwache mke wangu, vyungu vya kumfukiza sasa basi.

Shangazi Asha, 20:39
Nampigia sasa hivi.